Njema, Namshukuru Mungu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nimesali kwenye kiti. Kisha ngazi. Ni kumi na tatu. Leo nimezishuka kwa makalio, moja baada ya nyingine, nikishika nguzo za pembeni. Chai, kipande cha mkate, vidonge vinne. Soksi ya kulia imeingia. Ya kushoto nimeijaribu mara tano, kisha nikaiacha sakafuni. Nimekaa mchana kutwa na soksi moja.

Mvua. Nyumba yetu hapa mtaa wa Hodge Hill, huku ughaibuni, imeshikana na ya jirani kwa ukuta mmoja. Namsikia akipiga chafya. Ni miaka kumi na minane na jina lake silijui.

Naandika "yetu" kwa mazoea. Mume wangu alikufa miaka minne iliyopita.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeanguka. Saa saba mchana, bafuni. Tangu utoto natawadha kwa kunyanyua mguu na kuutia ndani ya sinki. Mguu wa kushoto haupandi tena, kwa hiyo niliunyanyua kwa mikono miwili. Wa kulia ukateleza.

Sikuvunjika. Simu ilikuwa chini, jikoni. Niliita mara moja. Sauti yangu mwenyewe ilinitia aibu, nikanyamaza. Nilihesabu vigae vya ukutani. Nilivihesabu tena. Ilipokaribia saa tisa niliweza kujivuta hadi kwenye ukingo wa bafu na kusimama.

Saa tisa kengele ikalia. Hodan. Ni Msomali aliyekulia Mombasa, mama wa watoto watatu, anakaa nyumba ya nne kutoka hapa. Kila Alhamisi huniletea samaki, ndizi mbichi na mchele kutoka maduka ya Coventry Road.

"Mwalimu, mbona umekawia hivyo? Nimebonyeza mpaka kidole kinauma."

Nikamwambia nilikuwa bafuni.

"Lakini uko sawa?"

"Njema, namshukuru Mungu."

Hodan haketi. Husimama mlangoni na funguo mkononi, kwa sababu gari ameliegesha mbele ya geti la mtu. Nimemsindikiza hatua tatu. Akaenda.

Nilifundisha miaka thelathini na mmoja mjini Tanga, kumi ya mwisho nikiwa mkuu wa shule. Niliwaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huu.

Jumapili, 12 Oktoba

Idrisa amepiga simu. Ni mwanangu wa pekee. Ni mhandisi huko Aberdeen, juu kabisa ya ramani. Hupiga kila Jumapili saa kumi jioni. Shikamoo mama. Marahaba. Habari za afya? Njema, namshukuru Mungu. Na nyinyi? Salama. Watoto? Salama. Mkewe? Salama. Baridi? Ipo. Dakika nne. Binti yake akapewa simu. Anaelewa ninachosema, hujibu kwa Kiingereza. Dakika tano.

Simu ikikatwa, sauti ya friji husikika zaidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimechelewa kufika chooni. Mara ya pili wiki hii. Nimefua kwenye sinki kwa sababu mashine iko nje, kwenye kibanda, na kizingiti kimenishinda. Naandika ili nisijifanye kwamba halikutokea.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mtandio umeteleza, Hodan akaona mkono. Alama ya kuanguka imegeuka ya kijani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue ameweka funguo mezani na kuketi. Nikamweleza nusu.

Akaniambia kuhusu nyumba moja ya Small Heath ambako mama mkwe wake aliishi hadi alipofariki. Ni jengo la wazee. Kila mtu ana fleti yake, mlango wake, jiko lake, kengele ya kuvaa shingoni. Wafanyakazi wapo mchana na usiku. Asiyeweza kuoga, anaogeshwa. Asiyeweza kuvaa, anavishwa. Anayeweza, anaachwa. Iko karibu na msikiti. Kuna fleti moja ya chini iliyo wazi, lakini huwezi kuipata mpaka afisa wa ustawi wa jamii kutoka halmashauri aje nyumbani, akupime, aandike kwamba unahitaji.

Nikamwambia sihitaji. Akautazama mkono wangu. 

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimewaza kwa utaratibu, kama ninavyopaswa. Naweza kubaki hapa na kuletewa msaidizi, asubuhi na jioni, robo saa kila mara. Hodan anasema hubadilika kila wiki. Utajifunza jina, kesho anakuja mwingine. Naweza kwenda kwenye nyumba ya wazee ya kawaida, chumba kimoja, meza ya wote. Idrisa, aliyedokezwa na Hodan kwamba natafuta pa kuhamia, ameiona moja ya Moseley kwenye mtandao na anazisifu picha zake. Nyumba ya wauguzi ni ya wagonjwa hasa, sijafika huko. Na kuna hiyo ya Small Heath. Sikujua kwamba baina ya kujiweza na kutojiweza kuna daraja nyingi hivi. Nilidhani mtu yuko huku au yuko kule.

Kwenda Aberdeen hakukutajwa. Si na yeye, si na mimi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Hodan amechukua ruhusa kazini akanizungusha kote kuwili.

Moseley: jumba kubwa la zamani lenye madirisha marefu. Safi. Wafanyakazi wapole. Saa nne asubuhi, watu kumi na wanne wamepangwa kwenye viti kuzunguka ukumbi, televisheni inaongea peke yake. Bibi mmoja wa Kizungu alinishika mkono akaniita kwa jina la mtu mwingine, akafurahi mno kuniona. Sikumsahihisha. Si kawaida yangu.

Small Heath: ukumbi wenye harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Nilionyeshwa fleti namba nne. Hakuna ngazi hata moja. Sinki limewekwa chini na pembeni pana kiti. Nilikaa. Nikautia mguu wa kushoto majini bila kuunyanyua kwa mikono. Msimamizi alidhani najaribu bomba.

Namba tano anakaa Mama Béatrice, Mkongo wa Bukavu. Mnene, mchangamfu, kitenge cha zambarau. "Mama, karibu sana! Huku tuko bien, muzuri. Kuko chauffage, baridi hakuna, kuko watu. Ukikuya, tutaongea mpaka tuchoke, njo vile!" Kiswahili chake ningekijaza wino mwekundu. Aliketi nami nusu saa nzima. Hakutazama saa hata mara moja.

Naitaka fleti hiyo. Nimeandika. Naitaka.

Jumatano, 22 Oktoba

Afisa anakuja kesho. Nimefuta vumbi kila nilipofikia. Fremu ya kutembelea nimeiingiza kabatini. Ndoo ya kando ya kitanda nimeificha nyuma ya pazia. Hodan ameleta sambusa ishirini na visheti, nimevipanga kwenye sahani za harusi yangu. Amenikumbusha mara mbili nimweleze afisa kila kitu. Nikamwambia bila shaka. Mgeni wa serikali anaingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Haingii kwenye nyumba iliyovurugika.

Alhamisi, 23 Oktoba

Anaitwa Joanne. Mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, adabu nzuri. Nilivaa gauni la kijani. Nilimfungulia mlango nikiwa wima. Tulizungumza Kiingereza; changu pia ni safi. Akauliza hali yangu. Njema, namshukuru Mungu. Akauliza kama naoga. Naoga. Sikusema kwamba naoga kwa kitambaa, nikiwa nimekaa. Akauliza kama napika. Nikamsogezea sambusa. Alikula tatu, akazisifu, akaandika. Ngazi? Napanda. Choo? Hapo nikamwongezea chai.

Alikuwa mgeni. Nilimwona leo tu. Hata mama yangu mzazi hakuwahi kuniuliza mambo ya choo.

Alipoondoka nilimsindikiza. Si mlangoni tu, hadi getini, na kutoka getini hadi kwenye gari lake. Sikuchukua mkongojo. Mgeni husindikizwa. Nilisimama mpaka gari likakata kona, nikampungia mkono.

Kurudi kumenichukua muda mrefu sana. Ngazi sikuzipanda. Nitalala kwenye kochi na gauni langu.

Jumanne, 4 Novemba

Barua. Nimeisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani. Nafsi yangu imeelezwa hivi: anatembea nje bila msaada wowote, anapika na kuwaandalia wageni, anapanda ngazi, anajisafisha, ni mchangamfu, hakutaja shida yoyote. Kwa sasa hastahili msaada. Fleti sipati.

Hakuna sentensi hata moja ya uongo iliyoandikwa na yule mama. Ameandika alichoonyeshwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Hodan ameisoma barua akiwa amesimama. Kisha akaketi.

"Mwalimu, ulimsindikiza? Kwa miguu hiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Yaani umewalisha halmashauri sambusa zangu, nao wamekupa cheti cha uzima!" Alicheka hadi akajifuta macho. Nadhani hakuwa anacheka tu. "Unaulizwa kama mgonjwa, wewe unajibu kama bibi harusi. Na mimi mjinga, nimekukaangia mwenyewe."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia asiongee na mimi hivyo. Nilikuwa na umri wake alipokuwa hajazaliwa. Sikusema. Ana haki.

Amesema fleti itakaa wazi hadi kikao cha halmashauri cha tarehe ishirini na nane. Baada ya hapo inakwenda kwa anayefuata.

Jumapili, 9 Novemba

Idrisa amefurahi. Hodan alikuwa amempelekea picha ya barua. "Hongera mama! Wamesema unajiweza kabisa. Mimi nilikuwa na wasiwasi bure." Akasema Moseley basi haina haja. Akasema nina bahati, wazazi wa wenzake wako hoi. Sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya mtoto aliyeambiwa leo hakuna mtihani. Dakika nne.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwepo, ilikaa hapo baina yetu, ndefu ya kutosha. Nikasema: namshukuru Mungu.

Sina wa kumlaumu. Halmashauri walinipima kwa saa moja. Mwanangu nimemfundisha miaka minne, kila Jumapili, kwamba mama yake hana shida. Amelijua somo vizuri.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikushuka chini leo. Maji ya chupa, biskuti. Jirani amepiga chafya mara tatu.

Alhamisi, 13 Novemba

Hodan amewapigia halmashauri simu kutoka jikoni kwangu. Amesubiri dakika arobaini, simu ikiimba muziki, naye anamenya ndizi. Watakuja tena tarehe kumi na tisa. Wameomba kitu kimoja. Niandike kila siku kinachonishinda, bila kupamba. Saa, mahali, kilichotokea.

Hodan akafunika simu kwa kiganja. "Mwalimu, utaweza kuandika kila siku?"

Nimelitazama daftari hili. Lilikuwa chini ya Msahafu, mahali pake pa siku zote. Nikamwambia kwamba nimeshaandika.

Jumanne, 18 Novemba

Nimelisoma daftari lote tangu mwanzo. Ni la mwanamke mgonjwa aliye peke yake. Ningekutana naye ningemhurumia, na angechukia kuhurumiwa.

Nimefikiria kulichoma. Nimefikiria pia kulinakili upya na kuacha ukurasa wa tarehe kumi na nne Oktoba. Hapana. Mwanafunzi akinipa daftari lililochanwa ukurasa, nilikuwa simpi alama yoyote.

Fremu nimeitoa kabatini. Ndoo iko pale inapokaa. Sikufuta vumbi. Hodan ameuliza alete nini. Nimemwambia asilete kitu.

Jumatano, 19 Novemba

Amekuja yule yule, Joanne. Hodan alimfungulia mlango, kisha akaenda jikoni kama nilivyomwomba. Sikusimama. Mgeni ameingia nyumbani kwangu na mimi sikusimama. Nilikuwa na soksi moja. Meza ilikuwa tupu.

Akaniuliza hali yangu. Neno lilikuja lenyewe, likafika kwenye meno. Nililizuia. Nikafungua daftari.

Nilisoma kwa kutafsiri, pole pole, kwa sauti ya darasani. Soksi. Bafu. Vigae. Kizingiti cha kibanda. Nilipofika tarehe kumi na nne nilikwama. Joanne aliweka kalamu chini, akatazama dirisha badala ya kunitazama mimi. Nilimshukuru kwa hilo moyoni. Nikasoma. Nikasoma pia siku aliyokuja yeye, sambusa, gari, mkono niliompungia. Hapo aligeuka.

"Uliumia kwa kunisindikiza?"

Ndiyo.

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwamba alikuwa mgeni.  Kisha akasema kwamba bibi yake, aliyekuwa Ireland, naye alikuwa akimsindikiza kila mtu hadi barabarani, na alifia kwenye njia hiyo hiyo ya kutokea getini. Akasema angepaswa kuniuliza kwa njia nyingine. Nikamwambia kwamba na mimi ningepaswa kujibu kwa njia nyingine.

Alipika chai yeye. Aliweka maziwa baridi, kama wanavyofanya. Niliinywa yote. Alipoondoka niliagana naye nikiwa kitini. Nilisikia geti likilia. Nimelia na mimi. Si sana.

Ijumaa, 28 Novemba

Kikao ni leo. Nimekaa karibu na simu tangu saa tatu. Saa nane, kimya. Saa tisa amepiga mtu kuuliza kama nataka madirisha mapya. Nimemjibu vibaya.

Saa kumi na dakika kumi. Joanne mwenyewe. Fleti namba nne ni yangu. Kuhamia baada ya mwaka mpya, wakishabadilisha zulia na kurekebisha hita.

Nilidhani nitafurahi. Nimetazama ngazi. Marehemu alizipaka rangi mwenyewe, kiangazi kile tulichohamia, na alama ya kidole chake imebaki kwenye ya sita. Ndiyo maana huwa napumzika hapo.

Jumapili, 30 Novemba

Sikumwambia Idrisa sababu. Nimemwambia nahama kwa kuwa ni karibu na msikiti. Ni kweli. Dakika nne.

Bado, basi. Kwa afisa nimeweza. Kwa mwanangu bado.

Jumanne, 23 Desemba

Nimefunga vitabu. Vingi vimekwenda kwa watoto wa Hodan, watakaotazama picha tu. Kikapu cha mkeka, Msahafu, sahani za harusi, picha ya marehemu akiwa amevaa koti la mvua lililomzidi. Maisha ya watu wawili yanaingia kwenye gari la Hodan kwa safari mbili.

Alhamisi, 8 Januari

Nimehama. Kabla ya kufunga mlango nilikwenda kumgongea jirani. Ni mzee kama mimi, anaitwa Derek, ana mzio wa vumbi. Akasema miaka yote alikuwa akisikia redio yangu asubuhi na ikimwamsha vizuri. Akaniuliza ninakwenda wapi. Akauliza kama kuna nafasi nyingine. Nikamwandikia namba ya msimamizi kwenye karatasi. Alisimama mlangoni kwake mpaka tukaondoka.

Fleti ina harufu ya zulia jipya. Msaidizi wa jioni anaitwa Grace. Amenivisha soksi zote mbili. Alipiga magoti sakafuni kufanya hivyo, na nilitazama dari.

Ijumaa, 9 Januari

Mama Béatrice yuko hospitali tangu Jumatatu, kifua. Sikuambiwa. Nilikuwa nimemwekea visheti. Hapa pia ni kimya, kumbe. Kimya kingine tu. Chakula cha mchana nimekula na wanaume wawili wa Kipakistani waliozungumza kriketi. Wameniita dada kwa heshima na kunipitishia chumvi.

Nimetawadha nimekaa. Miguu yote miwili.

Jumapili, 11 Januari

Mvua nyembamba. Grace amekuja na kwenda. Mama Béatrice atarudi Jumatano, msimamizi anasema.

Saa kumi, Idrisa. Shikamoo mama. Marahaba. Hali yako?

Nimetazama miguu yangu. Nikasema: "Si nzuri sana, mwanangu. Goti limevimba. Mwezi wa kumi nilianguka bafuni nikakaa sakafuni kwa saa mbili, sikukwambia. Hapa ni pazuri lakini jioni ni ndefu. Nakukumbuka."

 Nilidhani simu imekatika. Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, na hatua, kama mtu anayejitenga na wengine ndani ya nyumba.

"Mama," akasema. "Na mimi si nzuri."

Tumezungumza kwa saa moja na robo. Aliyoniambia sitayaandika hapa. Ni yake. Niliuliza machache na nikasikiliza mengi, na mara moja nilimwita kwa jina la utotoni.

Chai imepoa. Nimeinywa hivyo hivyo.